Kiangazi Kabla ya Chuo: Kutafuta Kazi ya Saa Zinazonyumbulika

Matini ya mazungumzo na wazazi, walezi na vijana waliohitimu sekondari nchini Marekani



Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza kwa nini ofisi ya kuwalinda walaji imekuja kuzungumza habari za kazi, ilhali mmezoea kutuona tukishughulikia mikopo ya magari, bili za simu na bidhaa mbovu. Jibu letu ni fupi. Anayetafuta kazi yumo sokoni sawasawa na anayetafuta gari. Anauza muda wake, na mgeni wa soko lolote hunyemelewa na matapeli. Kijana aliyetoka sekondari mwezi Juni na anayetarajiwa chuoni mwezi Agosti ndiye mgeni hasa wa soko hili.

Tuanze na hesabu ya muda wenyewe. Shule nyingi hufunga kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni. Vyuo vingi hufungua katika nusu ya pili ya Agosti, vingine Septemba. Katikati hapo zimebaki wiki kumi hivi. Kijana huziona kama nafasi ya kupata fedha za vitabu, nauli na kompyuta, na hakosei. Lakini wiki hizo si zake peke yake, maana chuo nacho kinazidai. Chuo kinataka matokeo rasmi ya mwisho ya sekondari na cheti cha chanjo. Kuna siku za kuwapokea na kuwaelekeza wanafunzi wapya, kuna majaribio ya kupima kiwango cha hisabati na Kiingereza, na kuna siku ya kuchagua masomo. Ofisi ya misaada ya fedha nayo huweza kuandika wakati wowote ikitaka uthibitisho wa yale yaliyojazwa katika fomu ya FAFSA. Kila jambo lina tarehe yake ya mwisho. Kila mwaka wapo vijana waliokubaliwa chuoni wakati wa majira ya kuchipua, lakini hawaonekani darasani Agosti. Wengine hawakushindwa masomo. Karatasi moja tu ilikosekana, au barua moja haikujibiwa.

Nyumba nayo ina madai yake. Katika familia zetu zinazozungumza Kiswahili, kijana aliyesoma hapa mara nyingi ndiye mkalimani wa nyumba. Ndiye anayemsindikiza mama kwa daktari na baba katika ofisi ya leseni, na ndiye anayebaki na wadogo zake wazazi wanapokuwa kazini zamu ya usiku. Hayo hayatasimama kwa sababu amepata kazi.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza hauhusu mwajiri hata kidogo. Kabla ya kujaza ombi lolote la kazi, familia ikae pamoja na kalenda moja. Ziwekwe alama siku zote za chuo, kisha siku ambazo nyumba haiwezi kumkosa kijana. Muda unaosalia ndio mnaoweza kuuza. Anayekwenda sokoni bila kujua ana kiasi gani cha bidhaa huishia kuuza hata kile alichokiweka akiba.

Sasa tutazame neno lenyewe, saa zinazonyumbulika. Neno hili lina sura mbili. Mwajiri mmoja akilitamka, ana maana kwamba utamweleza siku unazoweza kufika naye atapanga zamu kwa kuzifuata. Mwingine akilitamka, ana maana kwamba wewe ndiwe utakayenyumbuliwa: wiki hii saa 35, wiki ijayo saa 6, na simu ya asubuhi ikikuambia usije. Wote wawili hutumia tangazo lilelile. Sheria ya taifa ya viwango vya kazi, iliyopitishwa mwaka 1938, haimlazimishi mwajiri kutoa ratiba mapema wala kukuhakikishia idadi fulani ya saa. Jimbo la Oregon, na miji kama Seattle na Chicago, ina sheria zinazowataka baadhi ya waajiri wakubwa kutangaza ratiba mapema. Penye sheria ya namna hiyo kijana ana pa kushika. Pasipo na sheria hiyo, kinga yake ni maswali anayouliza kabla ya kukubali.

Maswali hayo ni matano. Ratiba hutolewa siku ngapi kabla ya wiki kuanza? Kwa wiki nitapata saa ngapi, kwa uchache na kwa wingi? Siku ninazozitaja leo kwamba sitaweza kufika zitaandikwa wapi? Nikitaka kubadilishana zamu na mwenzangu, ni nani anayeidhinisha? Na la tano, ambalo vijana wengi huliogopa: siku yangu ya mwisho ni tarehe fulani ya Agosti kwa kuwa naanza chuo, je, mnaafiki? Baadhi ya vijana huficha jambo hilo wakidhani watanyimwa kazi. Tunawasihi walitamke. Waajiri wa kiangazi wamelizoea, na asiyeweza kulikubali mwezi Juni hatakuonea huruma mwezi Agosti.

Mkishakubaliana, andikeni. Ujumbe mfupi wa barua pepe unatosha. Utauandika kwa Kiingereza, lakini maana yake iwe hii: “Nakushukuru kwa kunipa kazi. Kama tulivyozungumza, naweza kufanya kazi Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, sitaweza kufika tarehe 15 na 16 Julai kwa ajili ya shughuli za chuo, na siku yangu ya mwisho ni tarehe 14 Agosti. Tafadhali nijulishe kama nimekosea jambo lolote.” Ujumbe huo si mkataba wa mahakamani. Ni kumbukumbu, na meneja mpya akija katikati ya Julai, utakuwa na cha kumwonyesha.

Kazi za namna hii zinapatikana wapi? Idara za bustani na michezo za miji huajiri wasaidizi wa kambi za watoto na waokoaji wa mabwawa ya kuogelea. Huyu mwokoaji huhitaji cheti, basi aulize kwanza ni nani anayelipia mafunzo. Supamaketi, mikahawa na maghala huwa na zamu za jioni na za mwisho wa wiki. Wapo wazazi wanaotafuta mtu wa kuwaangalia watoto wao, au wa kuwasaidia kusoma shule zikiwa zimefungwa. Miji kadhaa ina mipango ya ajira za kiangazi kwa vijana. Ule wa New York huwapokea wenye umri wa miaka 14 hadi 24. Usajili wa mipango kama hiyo aghalabu hufungwa kabla ya kiangazi kuanza, hivyo wenye wadogo wanaohitimu mwakani waanze kuulizia mapema. Vituo vya kazi vya serikali, vinavyojulikana kwa jina la American Job Center, vimo katika kila jimbo, na huduma yao kwa mtafuta kazi ni ya bure. Maktaba za umma husaidia kuandika wasifu wa kazi, nako ni bure. Msisahau kuuliza chuoni kwenyewe. Kama barua yenu ya misaada imetaja kazi za wanafunzi zinazogharimiwa na serikali ya taifa, ulizeni zinaanza lini na zinaombwa vipi.

Kijana ambaye hajatimiza miaka 18 ajue kwamba zipo kazi ambazo sheria ya taifa haimruhusu kuzifanya kwa sababu ya hatari yake. Miongoni mwake ni kuendesha magari ya kunyanyulia mizigo ghalani na kutumia mashine za kukatia nyama. Meneja akisema “wewe shika tu, ni dakika mbili,” jibu ni hapana. Majimbo mengine pia hudai kibali cha kazi kwa walio chini ya umri huo, na ofisi ya shule ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Tuje kwenye ujira. Kima cha chini cha taifa ni dola 7.25 kwa saa, na hakijabadilika tangu mwaka 2009. Majimbo mengi yameweka kiwango cha juu zaidi, yakiwamo Maine, Ohio na Arizona, ambako jamaa zetu wengi wanaishi. Kentucky, Texas, Iowa na Idaho hufuata kiwango cha taifa. Lakini kuna kifungu ambacho vijana wachache wanakifahamu. Sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi aliye chini ya miaka 20 dola 4.25 kwa saa katika siku 90 za kwanza, isipokuwa pale sheria ya jimbo inapotaka zaidi. Siku hizo huhesabiwa kwa kalenda, si kwa zamu ulizofanya. Wiki kumi ni siku 70. Maana yake ni kwamba kiangazi kizima kinaweza kumalizika kabla ya siku hizo 90 kwisha. Kijana afanyaye kazi saa 20 kwa wiki kwa wiki kumi hupata dola 1,450 kwa kiwango cha 7.25. Kwa kiwango cha 4.25 hupata dola 850. Tofauti ni dola 600, na yote imo katika swali moja alilosahau kuuliza: “Nitalipwa kiasi gani kwa saa tangu siku ya kwanza?”

Mafunzo ambayo mwajiri amekulazimisha kuhudhuria ili uifanye kazi yake ni kazi, na saa zake hulipwa. Gharama ya sare ya kazini haiwezi kukatwa hadi ujira ushuke chini ya kima cha chini. Anayehudumia wateja mkahawani na kupokea bakshishi anaweza, katika baadhi ya majimbo, kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa. Lakini bakshishi ikijumlishwa na malipo hayo isipofikia kima cha chini, mwajiri ndiye anayepaswa kujazia. Na meneja haruhusiwi kujichukulia bakshishi zenu.

Kuna mwajiri atakayekuambia wewe si mwajiriwa bali mkandarasi anayejitegemea. Usilipokee neno hilo kama heshima kabla ya kulipima. Mwajiriwa hukatwa asilimia 7.65 ya ujira kwa ajili ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, na mwajiri hulipa kiasi kama hicho kwa upande wake. Anayejitegemea akipata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka, hubeba pande zote mbili, yaani asilimia 15.3. Tena kinachoamua si jina mlilopeana. Kama mtu huyo ndiye anayekupangia saa, anayekupa vifaa na anayekuelekeza kila hatua, huenda wewe ni mwajiriwa kisheria hata kama karatasi inasema vingine.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotutoa ofisini. Tuchukue mfano wa msichana ambaye hatutampa jina, kwa kuwa anaweza kuwa binti wa yeyote kati yetu. Amepokea ujumbe katika kundi la simu la jamaa na marafiki, tena kwa Kiswahili kizuri: kazi ya kuandika kompyutani nyumbani, saa unazotaka mwenyewe, dola 25 kwa saa. Mahojiano yamefanywa kwa maandishi tu, na jioni hiyohiyo amepokelewa. Kesho yake ametumiwa hundi ya dola 2,400. Ameagizwa abaki na dola 400 kama ujira wa wiki ya kwanza, na dola 2,000 amtumie “fundi” atakayemletea vifaa. Anaiweka hundi benki. Siku ya pili fedha zinaonekana katika akaunti, naye anazituma. Baada ya siku kumi benki inamwarifu kwamba hundi ilikuwa ya bandia. Fundi hapatikani, kazi haipo, na dola 2,000 ni deni lake kwa benki. Ni zaidi ya ule ujira wa kiangazi kizima tulioupigia hesabu sasa hivi.

Shikeni jambo moja hapa. Fedha kuonekana katika akaunti hakuthibitishi kwamba hundi ni halali. Sheria huzitaka benki ziziachilie fedha upesi, ilhali ughushi huweza kugunduliwa baada ya wiki kadhaa, na aliyeiweka hundi ndiye anayedaiwa. Mwajiri wa kweli hakutumii hundi akakuagiza umrudishie sehemu yake, wala ununue kadi za zawadi na kumsomea namba zake. Vilevile jihadharini na “kazi” ya kupokea vifurushi nyumbani na kuvituma kwingine. Mara nyingi vitu hivyo vimenunuliwa kwa kadi za wizi, na anwani inayobaki katika kumbukumbu ni ya kwenu. Na yeyote anayedai ada ya usajili, ya mafunzo au ya “kuhifadhi nafasi” anageuza mambo juu chini. Katika ajira ya kweli fedha hutoka kwa mwajiri kuja kwa mfanyakazi.

Ujumbe kuletwa na mtu wetu hakuufanyi uwe wa kweli. Yeye naye ametumiwa na mwingine, na huenda hajauliza. Tafuteni wenyewe namba ya simu ya kampuni inayotajwa, msiitumie ile iliyo katika tangazo, mpige na kuuliza kama kazi hiyo ipo. Kama ni duka la mtaani, nendeni mlangoni.

Ratiba ya karatasi nayo hufichua mengi. Fomu I-9, inayothibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi nchini, hujazwa baada ya kupewa kazi. Sehemu yako uimalize kabla siku ya kwanza ya kazi haijaisha, na hati zako zikaguliwe ndani ya siku tatu za kazi. Hati za kuonyesha unazichagua wewe kutoka katika orodha iliyowekwa na serikali, na mwajiri haruhusiwi kung’ang’ania hati moja tu aipendayo. Fomu W-4 ndiyo inayoongoza makato ya kodi ya mapato, na nakala ya W-2, yenye jumla ya mapato na makato, hutumwa kufikia tarehe 31 Januari. Itunzeni, kwa kuwa huenda mkarudishiwa kodi iliyokatwa. Mtu anayeomba namba yako ya hifadhi ya jamii na ya akaunti ya benki kwa ujumbe wa simu, kabla hujajua hata anuani ya mahali pa kazi, asipewe.

Ikiwa limekwisha kutokea, msikae nalo. Ipigieni benki simu saa hiyohiyo. Kama ni kadi za zawadi, wapigieni waliozitoa mkiwa na kadi na risiti mkononi. Toeni taarifa kwa Tume ya Biashara ya Taifa kupitia ReportFraud.ftc.gov, na kama namba za siri zimetolewa, nendeni IdentityTheft.gov. Wazazi, tunawaomba kwa unyenyekevu: kijana akija kuwaambia, msianze na makemeo. Anayeogopa kukaripiwa huficha siku tatu, na siku tatu hizo ndizo zinazompa tapeli nafasi ya kutoweka.

Kwa aliyepata kazi ya kweli, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila siku saa uliyoingia, saa uliyotoka na mapumziko, ukalinganishe na karatasi ya mshahara. Ukipunjwa, zungumza kwanza na meneja kwa adabu, huku daftari likiwa wazi. Isipofaa, Kitengo cha Mishahara na Saa za Kazi cha Wizara ya Kazi kinapatikana kwa namba 1-866-487-9243, na huduma ya wakalimani ipo. Jina la mlalamikaji hutunzwa kwa siri, hali ya uhamiaji si kizuizi, na mwajiri hana ruhusa ya kukuadhibu kwa kulalamika. Kwa kawaida madai yanaweza kurudi nyuma hadi miaka miwili, hivyo hata baada ya kufika chuoni hujachelewa.

Wazazi wengine wameuliza kama ujira wa kiangazi utampunguzia kijana misaada ya chuo. Hesabu ya serikali ya taifa hutenga kwanza sehemu ya mapato ya mwanafunzi bila kuigusa, na hutumia taarifa za kodi za miaka miwili nyuma. Mapato ya wiki kumi kwa kiasi tulichotaja hayapaswi kumzuia mtu kufanya kazi.

La mwisho linawahusu waliofanikiwa. Katikati ya Agosti, kijana mchapakazi huambiwa na meneja wake: baki, nitakupa saa 40. Nyumbani kuna kodi ya nyumba, na kule Nyarugusu au Kakuma kuna ndugu wanaosubiri kutumiwa chochote. Kijana husema ataahirisha muhula mmoja tu. Hatuwezi kuamua kwa niaba ya familia yoyote. Tunachoomba ni kwamba uamuzi huo usifanywe katika chumba cha meneja. Kwanza mwulizeni meneja kama zipo zamu za Jumamosi na Jumapili. Pili, iulizeni ofisi ya misaada ya chuo, kwa maandishi, ni nini kitakachopotea kijana akiahirisha. Tatu, rudini kwenye ile kalenda mliyoandika mwezi Juni, mtazame kazi hii ilitafutwa kwa ajili gani.

Tunawatakia kiangazi chenye kazi halali, ujira kamili na safari njema ya chuo. Meza yetu iko pale mlangoni. Mwenye tangazo la kazi analolitilia shaka aje nalo, tulisome pamoja kabla hajalijibu.